Majani Mawili na Chipukizi Ugenini

Kosa ninaloliandika hapa ni la mtoto kumwonea haya mzazi aliyemlea. Ni langu.

Tulikwenda Uganda kwa gari la ndugu yangu: yeye, mkewe, mimi, na mama yetu, aliyechuma chai Kericho hadi vidole vikapinda. Tulitoka nyumbani Roret alfajiri, tukavuka mpaka wa Busia, tukatazama makaburi ya wafalme, kisha kesho yake tukaelekea kwenye bustani ya mimea iliyopandwa enzi za ukoloni. Njia nzima nilikuwa nikimsahihisha mama.

"Hiyo pustani iko mbali?"

"Bustani, mama. Bu."

"Mwache," ndugu yangu akacheka. "Ukimzidishia atarudia Kikipsigis chetu, na huko wewe ndiye utakayepotea."

Bustanini tuliungana na wageni wengine. Kiongozi wa watalii alitusimamisha mbele ya mchai ulioachwa bila kupogolewa hadi ukawa mti, wenye kibao cha jina la Kilatini. Nikaanza kuwaeleza wageni maana ya jina hilo. Mama hakusoma kibao. Mkono wake ulipanda wenyewe kwenye tawi la chini, ukachuma majani mawili na chipukizi, tena na tena, kisha ukayarusha nyuma ya bega, ndani ya kikapu ambacho hakikuwepo. Yakaangukia viatu vya mlinzi wa bustani aliyesimama nyuma yake.

"We mama! Hapa hakuna kuchuma! Huyu ni wa nani?"

Wageni wakanigeukia, kwa kuwa nilikuwa karibu naye na ndiye niliyekuwa nikizungumza.

"Simjui," nikasema.

Ndugu yangu alitazama simu yake.

Mama aliniangalia, si kwa muda mrefu. Akamwambia mlinzi, "Nimekuja peke yangu."

Mlinzi alimshika mkono ampeleke langoni. Hapo ndipo alipojitokeza mke wa ndugu yangu, binti wa Kisii ambaye nilipinga ndoa yake nikidai hatatufaa.

"Mwachilie. Huyu ni mama yangu. Amechuma chai tangu hujazaliwa. Mkono wake haujaambiwa kwamba amestaafu."

Mlinzi akamwachilia.

Jioni niliomba radhi kwa maneno niliyoyapanga vizuri. Mama alijibu, "Sawa," kama anavyojibiwa karani anayetaja kilo kwenye kituo cha kupimia chai. Siku hizi, goti likimuuma na akitaka kupelekwa kliniki, mimi ninayeishi ng'ambo ya ua wake hupitwa na gari la ndugu yangu langoni pangu. Simu yeye humpigia shemeji yangu, yule binti wa Kisii.