Wifi Alivyoficha Uchungu

Wifi yangu ni fundi cherehani, mfupi mpaka kiti chake kimewekewa mto ndipo aifikie meza vizuri. Mtoto wake wa kwanza alikwama wakati wa kuzaliwa, ikabidi wifi apasuliwe. Tangu hapo mama yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akawa anamwita Bibi Zipu, hata mbele ya wateja. "Mimi nimezaa sita, kisu sikijui." Wifi hucheka tu. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka, maana nilijua yanamkaa rohoni.

Mimba ya pili, daktari alimwambia nikiwepo: nyonga zako ni nyembamba, mtoto huyu naye mkubwa, na kovu bado changa. Usisubiri uchungu, njoo Jumatatu tukufanyie upasuaji. Wifi akaitikia vizuri kabisa.

Jumamosi tulikuwa kibandani, mimi natia vifungo, yeye anashona sare za shule. Nikasikia cherehani inasimama, inaendelea, inasimama tena. Kumtazama, ameuma kitambaa.

"Umeanza?"

"Kitambo. Nyamaza, wifi. Nikifika kichwa kishatokeza, watanipasulia nini?"

Akili ya mtu mzima hiyo, jamani. Nikamwambia sitaki ujinga, nikatoka mbio kutafuta teksi. Mama, aliyekuja kutuletea chakula, alikuwa mlangoni anatabasamu. "Mwache mwenzio azae kama wanawake wengine."

Niliporudi, wifi alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, midomo imempauka.

"Umekata," akasema. "Kama kuna kitu kimechanika ndani, halafu uchungu ukaisha."

Mama akamshukuru Mungu, akasema anapumzishwa kidogo kabla ya kusukuma. Mimi nikaweka mkono tumboni. Asubuhi yote mtoto alikuwa akirusha mateke mpaka gauni linacheza. Sasa kimya. Niliogopa, sijawahi kuogopa vile.

Hospitali walimpokea kwa kukimbia, hawakuuliza mengi. Tukakaa kwenye benchi, mama anasali, mimi siwezi hata kumtazama. Daktari akatoka kofia mkononi.

"Kovu lilifumuka. Mama yuko hai, lakini kizazi tumelazimika kukitoa. Mtoto tulimkuta ameshafariki."

Mama akasimama. "Kwa hiyo mmempasua?"

Sikumgombeza. Nilimshika mkono, nikamwambia twende ukambebe mjukuu wako, wifi bado hajazinduka na lazima mtu ambebe.