Mkate wa bia na mkono wa Mama Zuhura

Jamani, leo nimemdaka mgeni mkono asile mkate wangu!

Ni ubatizo wa mwanangu, hapa nyumbani Kingolwira.
Asubuhi hamira imeisha, nikakanda unga kwa bia. Nikaoka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu.
Ukaumuka huo! Usingizi wote ukanitoka.

Sasa Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu, yule aliyenikanda maji ya moto nilipojifungua, akanyoosha mkono kwenye sahani.

Nikaudaka. "Mama, usile. Una bia."

Sebule nzima ikageuka kututazama.

Mama mkwe akaninong'oneza, "Si imeishia motoni? Ungemwacha tu."

"Hapana, mama. Huyu simlishi asichokijua."

Mama Zuhura akanitazama weee, akajifunga khanga, akatoka.
Nikajisemea: Nimeshamuudhi mtu wangu!

Haikupita robo saa, huyoo mlangoni na hotpoti la vitumbua:
"Haya, walevi wa mkate, nipisheni! Na mimi nataka kula na mjukuu wangu."

Nimemkumbatia na hotpoti lake hadi mtoto akalia.

Nyie mngesema, au mngenyamaza?