Kipara Alidhulumiwa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia kambini mtanisaidia kukumbuka, sinema ilikuwa na watu wawili tu: stelingi na adui. Stelingi hafi. Adui lazima afe, tena afe vizuri, la sivyo watu walidai pesa zao mlangoni. Hizi habari za sijui mwongozaji, sijui mpiga picha, wajukuu zetu wamezijua juzi kwenye simu, na sasa wanatufundisha sisi.

Tulikaa kambi ya polisi hapa Kampala, kwenye vile vibanda vya bati vya duara tulivyoviita yunipoti. Jua likiwaka mnaokwa, mvua ikinyesha hamsikilizani. Baba alikuwa konstebo, Mwacholi mrefu mwenye mdomo usiojua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa ukumbi wa sinema mjini. Wahindi wenye ukumbi walikuwa wamefukuzwa nchini, ukapewa mwanajeshi mmoja aliyejua biashara ya sinema kama mimi ninavyojua kurusha ndege. Filamu mpya hazikuja tena. Zilionyeshwa zile zile zilizoachwa, mikanda ikikatika kila mara na watu wakipiga miluzi gizani. Baba aliziona zote, bure, akiwa kazini.

Ndiyo maana jioni za Jumapili alikuwa mtu mkubwa. Wazee walizunguka chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu, sisi watoto tumechuchumaa nyuma na mahindi ya kuchoma, na baba anasimulia sinema. Farasi alimfanya kwa mdomo. Risasi alizifanya kwa mdomo. Kufa, alikufa kwa mwili mzima, mavumbini, na mama alinung'unika juu ya shati, maana sabuni haikuwepo madukani na tulikuwa tunafulia majani ya mpapai.

Aliyempenda kuliko wote hakuwa stelingi. Alikuwa adui mmoja, Mzungu mwenye upara. Jina lake hatukulijua, tukamwita Kipara. Karibu kila filamu iliyobaki pale mjini Kipara ndiye adui, na katika kila moja alikufa kivyake. Huyu baba alimheshimu kuliko mkuu wa kituo.

Sasa siku moja mama alinunua karanga, zikaja zimefungwa kwenye kipande cha gazeti la nje. Baba alikula karanga, akasoma gazeti. Liliandika kwamba huko kwao waigizaji wamepewa tuzo, na picha ya mshindi ilikuwepo, kijana mwenye nywele nyingi na meno mengi zaidi. Kipara hakutajwa. Nusu ya ukurasa ilikuwa imechanika, lakini hilo baba hakulijali. Jumapili hiyo alifika kwenye malwa ana hasira za mtu aliyenyang'anywa shamba.

"Kipara wamemdhulumu," alitangaza, hata kabla hajakaa.

Mpinzani wake alikuwa Koplo Juma, jirani yetu, Mnubi wa Bombo. Koplo Juma hakunywa malwa, dini haikumruhusu, lakini mazungumzo hakuyakosa. Alikaa nasi na kikombe chake cha chai kavu isiyo na sukari, kama chai zote za miaka ile.

"Adui nataka tuzo ya nini?" alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Yeye ndiyo alichoma kijiji. Tuzo ni ya stelingi."

"Kuchoma alitumwa, ni kazi yake. Wewe ukitumwa unakataa?"

Wazee wote walikuwa polisi. Walinyonya mirija yao, wakitazama chungu.

Ungemwambia baba akomee hapo, asingekusikia. Alisimama, akapaza sauti. "Wanaovaa medali hawajafanya kitu! Anayefanya kazi hapewi. Medali wanajigawia wenyewe kwa wenyewe."

Wazee walitoa mirija midomoni. Nyuma ya Koplo Juma alikuwa amesimama mtu wa suruali pana ya bugaluu, viatu vya raizoni vya soli nene, na miwani nyeusi ingawa jua lilikwisha kwenda zake. Mavazi yale ya watu wa usalama kila mtoto Kampala aliyajua. Gari lake lilikuwa karibu na bomba la maji, na waliowahi kuingizwa kwenye buti za magari kama yale hawakurudi kutusimulia.

Ni lazima niwakumbushe kwamba wakati huo medali hazikuwa adimu. Mkubwa wa nchi alikuwa nazo kifua kizima, na karibu zote alijipa mwenyewe. Kilichokuwa adimu ni sukari, chumvi, na watu wa kulisema jambo hilo kwa sauti. Baba yangu alikuwa amelisema, tena kambini, tena Mwacholi, kabila ambalo serikali ile haikuliamini.

"Medali ya nani?" yule mtu aliuliza, polepole.

"Ya Kipara, afande."

"Kipara iko wapi?"

"Amekufa, afande."

"Nani aliua yeye?"

Baba alifungua mdomo, ule mdomo, na hakikutoka kitu. Nilikuwa mtoto lakini nilielewa kwamba jibu likichelewa sina baba. Ndipo Koplo Juma alipoweka kikombe chini, akainuka.

"Mimi, afande," alisema. "Namna hii."

Akachomoa mrija kwenye chungu, yeye ambaye malwa hakuwahi hata kuigusa, akamlenga baba kifuani. Akafanya risasi kwa mdomo. Baba akashika kifua, akayumba, akaanguka kifudifudi.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Yule mtu alivua miwani.

"Hapana," alisema. "Kipara nashika mlango kwanza."

Kumbe naye alikuwa mtu wa sinema. Baba akainuka, akapigwa risasi upya, akashika mlango wa yunipoti yetu mpaka bati likalia, akateleza taratibu hadi chini, akalala chali macho wazi. Akalala hivyo. Yule mtu akainama, akamtazama machoni kwa karibu sana. Baba hakupepesa. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na mimi nilidhani hofu imemwua kweli.

"Sasa ndiyo," yule mtu alisema, akirudisha miwani. "Huyu walimdhulumu."

Akachukua hindi langu mkononi, akaondoka analitafuna.

Ubishi uliishia hapo, milele. Serikali ilikuwa imesema. Koplo Juma, aliyemwua Kipara kwa mkono wake, kuanzia siku ile alikiri popote alipoulizwa kwamba Kipara alistahili tuzo, na kwanza aliangalia nyuma. Mama alimpangusa baba vumbi. "Kufa umekufa vizuri, Baba Atim," alimwambia. "Sasa ukome." Akakoma. Hakusimulia tena sinema mpaka serikali ile ilipoanguka.

Leo mjukuu wangu amelala kwenye kochi, anapigana kwa vidole viwili na watu asiowajua, eti mwigizaji wake amenyimwa tuzo. "Jaja, hii ni dhuluma kubwa kuliko zote," ananiambia, na soda iko pembeni, ina sukari tele. Namuuliza huyo mwigizaji wake anajua kufa. Anasema siku hizi hiyo inafanywa na kompyuta. Nami naona wivu, sikatai. Heri wao wanaobishana bila kutazama nyuma. Ila najua hawatawahi kuona uigizaji kama ule.

Baba alifariki uzeeni, kitandani hospitali ya Mulago, mchana, macho wazi. Nesi alisema pole, akataka kumfunika. Nikamshika mkono, nikamwomba angoje kidogo. Nilikuwa nasubiri ainuke, ajipanguse vumbi.