Mtafiti Aliyerudisha Alichochukua

Ijumaa tulimzika Msambweni mwanamke aliyetumia maisha yake kuitafiti saratani, nami nasema wazi tangu mwanzo: nina majonzi, lakini zaidi najivuna. Alikuwa jirani yetu, akasoma hadi ng'ambo, na angeweza kubaki huko. Alirudi kufanya kazi ambayo wengi hatukuielewa. Kila nikimwuliza, alinijibu kwamba kazi yake ni kuhakikisha kinachogunduliwa maabara hakiishii maabara, kinamfikia mgonjwa kitandani.

Kwa hiyo alihitaji vipande vya uvimbe wa wagonjwa wenyewe, ajue dawa ipi inamfaa nani. Wenzake waliotoka bara walikuja na picha na maelezo marefu. Kina mama waliwakaribisha, wakawapa chai, wakawasikiliza kwa adabu zote, kisha hakuna hata mmoja aliyekuja kutoa kipande. Watafiti wale wakaamua kwamba watu wa Kwale hawaijui sayansi. Mwenzetu alikasirika mno. Akaenda Mkwiro kumwona mama mmoja mwenye uvimbe kwenye titi aliyekuwa amekataa katakata kutoa kipande, nami nikamsindikiza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kukatwa nitakatwa, nishakubali. Lakini hicho kipande mtakitupa wapi? Mimi hata kucha zangu nazifukia."

"Hakitupwi. Tutakipima tuijue dawa yako. Kitakachobaki nitakuletea mwenyewe, mkizike."

"Wallahi?"

"Wallahi, shangazi."

Ahadi ile ilimtia mwenzetu matatani. Wakubwa wake walisema kanuni haziruhusu. Akabishana nao kikao baada ya kikao mpaka wakampa kibali. Mama akapasuliwa, na majibu ya vipimo yalipotoka yakaonyesha kwamba dawa aliyokuwa apewe yule mama isingemsaidia kitu. Akabadilishiwa. Ndipo tukatoka maabara, tukapanda feri ya Likoni, mwenzetu amekipakata kisanduku cha plastiki. Abiria mmoja akamwuliza kama ni samaki. "Hapana, ndugu yangu, ni mazishi," akajibu bila kutabasamu, na benchi zima likawa letu. Kule Mkwiro, mume wa yule mama alichimba kishimo nyuma ya nyumba, kipande kikafukiwa ndani ya bafta nyeupe ya sanda, bila sala, huku majirani wakitazama. Baada ya hapo kina mama wa Mkwiro, wa Funzi, hata wa Samburu kule Kinango, walianza kuja wenyewe.

Tunapenda kulalamika kwamba watu wetu wanaikimbia hospitali. Ni mara chache tunajiuliza hospitali imewaahidi nini, na ikatimiza nini. Mwenzetu alikuwa na shahada za kujaza ukuta, lakini hakuona haya kusimama mbele ya maprofesa akatetea heshima ya kipande cha nyama. Alijua kwamba tiba haianzi na dawa, inaanza na kuaminiana, na imani haiombwi kwa hotuba. Vijana wetu mlioko vyuoni, someni mpaka mwisho, kisha mrudi na akili za nyumbani zikiwa nanyi.

Jumapili, kwenye khitma, mgeni mmoja aliyeketi nami barazani aliniuliza marehemu alitufanyia nini hasa huko maabara. Yule mama wa Mkwiro alikuwa uani, amesimamia masufuria ya pilau, akiwafokea wapishi kwa sauti iliyotufikia sote. Nikamwambia mgeni anyamaze kidogo, amsikilize.