Babu yake alilala mchana tukanyamaza, yeye nikammwagia maji

Admin, jina langu lifiche, la mtoto nimeshalibadili mwenyewe. Na nyie wajukuu mtakaosoma, marahaba. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, naishi pembeni ya ziwa, huku Mwanza. Shule niliishia darasa la nne, lakini haya nayaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo msinicheke herufi.

Nina mjukuu wa miaka kumi na tano, tumwite Neema, yuko kidato cha pili. Mama yake alishafariki. Baba yake, ambaye ni mwanangu, anafanya kazi kiwandani Nyakato. Mtoto nimemlea mimi. Alikuwa mcheshi, akianza kumuiga mzee wa kanisa anavyosoma matangazo hata mimi mbavu zinaniuma.

Tangu mwaka jana amebadilika. Usiku usingizi haumpati, nasikia kitanda kinalia tu. Asubuhi hainuki. Kwetu mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, na mwanamke anatakiwa awe ufukweni na beseni lake kabla jua halijatoka. Mimi jua halijawahi kunikuta kitandani isipokuwa nikiwa nimejifungua. Huyu naita, naita, kimya. Nilimwita mvivu mbele ya wanawake wenzangu. Simu nilimnyang'anya, usingizi haukuja hata hivyo. Siku moja nikammwagia kata ya maji usoni. Hakulia. Aliketi pale, nguo zinachuruzika, akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta. Nikampigia baba yake: "Mtafutie bweni huyu, kengele ya huko itamnyoosha."

Baadaye shule wakaniita. Analala darasani, hali chakula, hacheki na mtu. Nikampeleka hospitali nikidhani damu imepungua. Daktari, binti mdogo tu, aliongea naye peke yake, kisha akaniita. "Bibi, mjukuu wako ana sonona. Anasema kila asubuhi anatamani asingeamka kabisa."

Mdomo wangu haukutulia. Nikamuuliza, "Sonona ndiyo jina la uvivu siku hizi?"

Akasema, "Hapana, bibi. Umri huu saa ya mwilini husogea, usingizi unawajia wamechelewa. Tukiwaamsha alfajiri kila siku, usingizi unapungua, huzuni inapata nafasi, na huzuni nayo inafukuza usingizi." Akataka Neema alale na kuamka saa zilezile kila siku, asubuhi apate mwanga wa jua, arudi kliniki kuongea, na asiachwe peke yake.

Tulipofika nyumbani nikamwambia Neema, "Kwa hiyo nyumba nzima ikusubiri wewe uamke?" Nilisema kwa ukali. Nilikuwa naogopa.

Akanijibu polepole, "Bibi, mbona babu akilala mchana ulitufukuza tusicheze uani?"

Ni kweli. Marehemu mume wangu alivua dagaa kwa taa, usiku kucha yuko majini, mchana analala. Jogoo nilimfukuza asiwike dirishani. Mgeni akipiga hodi kwa sauti nilimfokea. Hakuna aliyemwita mvivu, ningemrarua. Usingizi wa huyu mtoto ndio nilioumwagia maji.

Sasa mwanangu kapata bweni, na huko wanaamshwa saa kumi alfajiri. Nilipomweleza ya daktari akacheka. "Mama, sisi ulituamsha kwa fimbo, tumekufa? Jumamosi namchukua. Si wewe uliyeomba?"

Ni mimi. Na kwetu bibi hasimami mlangoni kumzuia baba asichukue mtoto wake. Neema ameshafungasha, hakuuliza kitu. Jana alinipa blanketi lake zito. "Baki nalo, bibi. Mimi silihitaji." Huko bweni lipo mlimani, kuna baridi. Tangu aseme hivyo nimehamishia mkeka wangu chumbani kwake, na kesho mchana narudi naye kwa yule daktari.

Nyie mliosoma, na nyie mliowahi kulala na huzuni ya namna hii, nipeni maneno. Nimwambie nini mwanangu, mimi niliyemfundisha kwamba anayelala hana faida? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Jumamosi inakuja.

Na majirani mtakaonitambua, msije kunipigia hodi asubuhi. Mtoto amelala.