Simu Iliyojiunga na Hotspot Yangu

Katika hoteli moja mjini Bungoma, neno la siri la Wi-Fi limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, juu ya sinki ya kunawia mikono. Mhudumu alinionyesha kwa kidole kabla hata hajapangusa meza.

"Mama, network iko bure. Si ujiunge tu?"

Nikamwambia asante, niko na yangu. Alinitazama kama mtu aliyekataa kusalimiwa, akaenda zake.

Nilikuwa na sababu. Ofisi yetu iko Kitale, na kazi yetu ni kuwapokea wanawake waliokimbia kipigo majumbani. Kompyuta niliyobeba ilikuwa na faili zao zote: majina, picha za majeraha, na mahali kila mmoja alipofichwa. Tulikuwa tumeletewa mwalimu wa mambo hayo, mwanamke mkavu asiyecheka, akatuambia Wi-Fi ya hoteli ni maji ya beseni, hujui nani amenawa kabla yako. Tumieni hotspot ya simu zenu, alisema, na mgeni yeyote akishaitumia, badilisheni neno la siri siku hiyo hiyo. Nusu ya kwanza niliishika kama amri ya Musa. Nusu ya pili niliitikia kwa kichwa, kama tulivyofanya wote.

Maana nyumba yetu ina desturi yake. Mwanamke akifika na uso umevimba, haulizwi kitu. Anapewa kiti, chai ya maziwa, na hotspot, ampigie mamake amwambie yuko hai. Hotspot yangu niliibandika jina NunuaYako, kwa kejeli tu, kwa sababu nusu ya Kitale ilikuwa inaitumia. Kubadilisha neno la siri kila mtu akiondoka nilikuona kama kumfuata mgeni njiani umdai kikombe cha chai alichokunywa.

Siku hiyo nilikuwa Bungoma kwa ajili ya mmoja wao, dada wa umri mdogo, mpole kupita kiasi. Alipotujia mara ya kwanza alikunywa chai, akapewa hotspot, akampigia mamake. Kisha wazee wa pande mbili wakakaa, wakasema mambo yameisha, naye akarudi kwa mumewe upande wa Myanga. Hayakuwa yameisha. Mara ya pili alifika bila viatu, bila simu na bila mtoto, kwa kuwa mume alimnyang'anya vyote mlangoni. Mtoto, msichana wa chekechea, alipelekwa akae kwa nyanya yake mzaa baba.

Mahakama ilimpa mama haki ya kukaa na mtoto wake. Lakini karatasi ya mahakama haina miguu, haiwezi kwenda Myanga ikarudi na mtu. Aliyejitolea kumleta ni dada yake huyo mume, shangazi wa mtoto, ambaye alikuwa amechoka na tabia za kaka yake. Angemwambia nyanya kwamba anampeleka mtoto mjini kununuliwa viatu vya shule na chips za hoteli ile. Mimi ningetangulia hotelini kuona kama kuko shwari, na mama angekuja nyuma na gari la ofisi kupitia Chwele. Wangekutana kwenye meza yangu, tungeondoka kabla chai haijapoa.

Mume mwenyewe sikuwa nimewahi kumwona, hata kwa picha.

Nilikaa kona, mgongo ukutani, nikawasha hotspot, nikafungua kompyuta nimalizie ripoti. Hoteli ilikuwa imejaa watu wa chakula cha mchana. Nilijisikia mjanja, nasema kweli. Wenzangu wote mle ndani walikuwa wananawa kwenye beseni moja na mimi nilikuwa na maji yangu.

Ndipo simu moja ikaanza kulia upande wa mlangoni. Ting. Ting. Ting ting ting. Haikuwa mlio wa mtu kupigiwa, bali wa meseji nyingi zinazoingia kwa pamoja, kama mahindi yakipasuka kwenye sufuria. Watu wakageuka. Mwanamume mmoja aliyevaa koti la kijani alikuwa na simu yake mezani, imenyamaza. Iliyokuwa ikilia ilikuwa ndani ya koti. Akaitoa. Ilikuwa na kava ya waridi yenye maua, na yeye mwenyewe aliishangaa.

Nikatazama simu yangu. Ilikuwa imeandika kwamba vifaa viwili vimeunganishwa. Cha kwanza kilikuwa kompyuta ya ofisi. Cha pili kilikuwa na jina la utani la mtoto, ambalo sitaliandika hapa. Nilikuwa nimelicheka jina hilo mwenyewe, siku yule dada alipokaa jikoni kwetu na kikombe chake akaniuliza neno la siri.

Simu haisahau. Ukiipa neno la siri mara moja, ikipita tena karibu na hotspot hiyo inajiunga yenyewe, hata kama iko mfukoni mwa mtu mwingine. Aliyekuwa na simu hiyo mfukoni ni mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi kumbe nilikaa naye nguo moja tangu nilipoagiza chai.

Nikazima hotspot. Milio ikakatika. Yule mwanamume akaitikisa simu, akaiinua juu kidogo, kisha akaanza kusoma zilizokuwa zimeshaingia. Nami nikakumbuka kitu kilichonifanya nitamani kuingia chini ya meza. Dada huyo aliporudi kwake na kunyamaza, nilimwandikia kwenye namba hiyo: mlango wetu uko wazi, njoo saa yoyote. Nikamtumia na ramani ya mahali nyumba ilipo, asije akapotea. Na kando ya meseji zangu kuna picha yangu, nimevaa kofia ya harusi, nikicheka hadi gego.

Akainua kichwa. Akaanza kuwatazama wanawake wa hotelini, mmoja baada ya mwingine.

Nilikuwa na muda mdogo sana. Meseji ya kawaida haihitaji intaneti, kwa hiyo nikamwandikia mama kwenye simu ndogo tuliyomwazima: "Usiingie mjini. Ngoja Kanduyi kwa petroli. Yuko hapa." Nikamwandikia shangazi ampeleke mtoto huko huko. Mama hakujibu. Shangazi alijibu haraka: "Sawa. Mshike hapo."

Nimshike na nini?

Mwenye koti alikuwa ameshafika mezani kwangu. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, akaweka ile simu ya waridi mbele yangu, picha yangu imejaa kioo kizima.

"Mayi," aliniita, kama watu wa huku wanavyomwita mama kwa heshima. "Si ni wewe uko kwa hii picha?"

"Ni mimi," nikasema. "Siku hiyo nilikuwa na kofia." Nilijikaza kisabuni.

Akacheka, kicheko kizuri tu. Akaniagizia soda. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba alikuwa mtu wa kupendeza, mwenye mikono safi na sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandalia jitu kichwani.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Ati nilimchapa. Hayo ni mambo ya nyumba, bana. Akirudi hata cherehani nitamnunulia." Akaisogeza simu karibu zaidi. "Lakini mkiendelea kumficha, mayi, nitakuja mpaka hapo kwa hii ramani. Nimeiona."

Alikuwa anauma na kupuliza, na nikaelewa jinsi yule dada alivyorudi mara ya kwanza.

Kisha akagonga kioo kwa ukucha. "Hii NunuaYako ni yako? Kuna sauti zimetumwa, hazifunguki. Mbona umezima? Washa."

Nikamtazama machoni. Alikuwa na njaa ya zile sauti. Nikaona kwamba hapo ndipo pa kumshika, na nikaona pia bei yake. Chochote kitakachoingia kilikuwa cha mkewe: maneno ya mamake, ya rafiki zake, siri zake za kike. Nilikuwa nampa mwizi ufunguo wa sanduku la mtu aliyeniamini. Ramani tayari alikuwa nayo, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtoto alikuwa bado barabarani.

Kwanza nilizima Wi-Fi ya kompyuta, nikaifunga, nikaiweka mapajani, faili za wale wengine zisikae kwenye mtandao mmoja naye hata kwa dakika. Kisha nikawasha hotspot.

Ting.

"Sasa tutajua ni mwanaume gani," alisema, akabonyeza sauti ya kwanza, kwa nguvu, hoteli nzima isikie.

Ikatoka sauti ya mtoto.

"Mama, ni mimi. Niko na simu ya kukhu. Ng'ombe ya kukhu imezaa! Kandama kako na doa hapa kwa uso."

Alikuwa binti yake. Alikuwa anaiba simu ya nyanya na kumtumia mama sauti kwenye namba anayoijua, na sauti zote zikawa zinangoja nje ya simu iliyolala kotini mwa baba, isiyo na bundles. Mwanamume huyo akabonyeza ya pili. Jino limeng'oka, kukhu amelirusha juu ya paa. Akabonyeza ya tatu, na hiyo mtoto alinong'ona.

"Mama, mbona huongei? Umenikasirikia?"

Mhudumu alikuwa amesimama na sahani mbili mikononi, haendi mbele wala nyuma. Yule baba aliirudia ya tatu. Uso wake ulikuwa umelegea. Sikumhurumia, nataka hilo lieleweke. Nilimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa na kitu ndani yake cha kuumia na bado alifanya aliyoyafanya.

Meseji ikaingia kwangu, ya mama: "Amefika. Niko naye."

Nikazima.

Akainua kichwa polepole. "Imebaki moja," alisema. Kweli ilikuwa imebaki, kiduara kinazunguka tu juu yake. Akanishika mkono, si kwa nguvu bado. "Washa, mayi. Imebaki moja."

"Bundles zimeisha," nikadanganya.

Alikuwa hajaniachia. Nilihesabu viti kati yangu na mlango, nikaona havipitiki. Ndipo mhudumu, ambaye kazi yake ni kuwaonyesha wateja mambo mazuri ya hoteli, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Si kuna ya bure. Password iko hapo kwa sinki."

Akaniachia. Akaenda ukutani, akatugeuzia mgongo, akawa anaingiza lile neno herufi moja moja kwa kidole kimoja. Nikakumbatia kompyuta, nikapita nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya koti lake, nikatokea jikoni kwenye moshi, na kutoka hapo nikapata pikipiki ya Kanduyi.

Gari la ofisi lilikuwa linanguruma. Shangazi alikuwa ameshaondoka. Mama alikuwa kiti cha nyuma na mtoto mapajani, amemfunika kwa leso kama aliyezaliwa jana. Hakuna aliyelia. Tuliondoka tukiangalia nyuma hadi Chwele, na mimi nilikuwa kwenye simu njia nzima, nikiwaambia wenzangu wafungashe. Nyumba tuliihama jioni hiyo hiyo, wanawake wote na watoto wao na masufuria, kwa sababu ya ramani niliyoituma mimi kwa moyo mweupe. Neno la siri nalo nililibadilisha tukiwa bado njiani, na sasa anayekuja kwetu hupewa chai na kiti, na simu ya ofisi apige.

Tulipokuwa tunakaribia Kamukuywa mtoto akatoa kichwa kwenye leso.

"Mama, zile sauti nilikutumia ulizisikia?"

Mama hakujua sauti zipi. Alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa, aseme ndiyo.

"Nilizisikia," alisema.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ya leo?" Mtoto alikuwa anamchunguza usoni, kwa pengo lake la jino. "Ile nilikuambia usikuje kwa hoteli, kwa sababu shangazi aliniambia utakuja. Kukhu aliambia baba tunaenda kula chips huko, na baba akavaa koti."

Mama alinitazama tena, nami nikajua hiyo ndiyo ile moja iliyokuwa imebaki. Akamvuta mtoto kifuani, akaweka kidevu juu ya nywele zake.

"Hata hiyo," alisema. "Si uliona sikukuja hotelini?"