Nguzo Aliyoisimika Meya Mboje

Kibanda cha kwanza cha Nyanjige, kule jijini, kililazwa chini na buldoza. Aliyelituma alikuwa Meya Mboje. Magazeti yalimwandama, madiwani wenzake wakamng'oa, na Nyanjige akarudi Bariadi kupika ugali na sato pale stendi. Miaka ikapita. Mboje naye akarudi kwao, anautaka ubunge, na wa kumpitisha ni wajumbe wa chama. Nyanjige ni mjumbe.

Usingizi ulimhama. Wajumbe wenzake walikula kwa kila mgombea na kumwambia kila mmoja "kura ipo," wakalala fofofo. Yeye aliwaza mtu huyo akiwa mbunge, amekaa kwenye baraza la halmashauri, anaitazama stendi kama alivyolitazama jiji: takataka za kufagiwa.

Asubuhi moja msafara wa Mboje ukasimama kibandani.

"Mwangaluka, mayu!" Mboje alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu amwamkiavyo mama yake.

"Mwangaluka, meya. Ulinibomolea. Unakumbuka?"

Watu walicheka, Mboje akacheka kuwazidi. "Mayu, ya jijini tuyaache jijini. Mimi mtoto wenu."

"Mtoto hufanya kazi. Napanua jiko. Nichimbie shimo, unisimikie nguzo."

Mgombea gani hukataa kupigwa picha na jembe mkononi? Alivua koti, akachimba, akasimika. Hadi jioni picha ilikuwa imefika vijijini, mpaka Nkoma. Nyanjige akapumua: atabomoaje alichokijenga mbele za watu?

Kura zikapigwa, Mboje akaanguka vibaya. Hata Nyanjige hakumpa yake. Akapita Joakim Maige, mnunuzi wa pamba ambaye Mboje alimtukana kampeni nzima.

Sasa nani angeamini kuwa hakumpigia? Kura ni siri; picha kila mtu anayo.

"Mtu wa meya, funga virago!" walimtania makondakta.

Shida, jirani yake muuza chipsi, hakutania. "Dada, ing'oe hiyo nguzo. Maige anapita leo kushukuru wajumbe."

"Nikiing'oa nimekiri."

Maige alifika jua likiwa kali, umati nyuma yake. Aliitazama nguzo kuliko alivyomtazama mwenye kibanda.

"Mwadila, mayu. Naona una fundi wako."

Nyanjige alimnyooshea jembe. "Nguzo moja haibebi paa, baba. Ya pili nilikuwekea wewe."

Simu zikainuliwa. Maige alilipokea jembe, akachimba mara mbili, akatabasamu kwa wapiga picha na kulirudisha.

Nyanjige hakulipokea. "Bado, mheshimiwa. Shimo halijafika goti."